Koti la Polisi wa Akiba

Baba,

Huku Nairobi, Mutuini, tuko wazima, na Mama ameanza kula vizuri. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote yananikera.

Juzi nilienda mjini, kwenye ile ofisi uliyokuwa ukinituma kuulizia mafao yako ulipokuwa mgonjwa. Nilimkuta kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Akaniambia, "Madam, mzee hakustaafu. Mtu hawezi kustaafu kazi ambayo hakuandikwa. Alikuwa volunteer." Basi, Baba, hata ile risasi ya majambazi wa Waithaka uliyozikwa nayo begani ilikuwa ya kujitolea.

Akasema kuna mpango wa kuwafikiria wajane wa polisi wa akiba, ila kwanza turudishe sare. Wewe hukuwa mtu wa serikali, lakini koti lako ni mali ya serikali. Nilikukumbuka ukilipiga pasi ya makaa, Mama haruhusiwi kuligusa, unalipulizia maji kwa mdomo na kutuambia, "Serikali haivai mikunjo." Viatu vyetu vya shule vilikuwa vinacheka, na wewe unanyoosha kola.

Sasa koti liko Kimilili, kijijini kwetu. Siku ya kugawa nguo zako baada ya mazishi, wazee walimvisha Baba Mdogo Wafula mbele ya watu, na unajua maana yake: ndiye anayesimama mahali pako. Nguo ya marehemu ikishavishwa ndugu, hairudishwi. Nilipompigia simu akasema, "Waje wenyewe wanivue."

Mama alilia. Si kwa tamaa, Baba. Anataka mtu wa serikali aseme, hata mara moja tu, kwamba ulikuwepo. Kwa ajili yake nikaamua kusafiri nikambembeleze mdogo wako.

Nilikuwa nafunga mkoba wakati Simiyu, kitinda mimba wako, aliponijia akitabasamu. "Sister, harakisha hiyo koti. Ni yangu." Kumbe amejiandikisha polisi wa akiba, na wamemwambia hakuna sare mpya, angoje ya babake irudi. Ana mke na mtoto mchanga, anabeba mawe kwenye mijengo ya Karen kwa kibarua, na bado anataka kuwakimbiza wezi bure kama wewe. Alikuwa na furaha ile ile yako. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikatoa nguo zangu mkobani. Mama nilimweleza yote akiwa anachambua sukuma wiki. Aliendelea kuchambua, na tangu hapo hajataja tena habari za mafao, na najua ninachomnyima. Nimekukasirikia, Baba, na nimekukosa sana, na sijui kipi kinaniumiza zaidi.

Nimempigia tena Baba Mdogo. Nimemwambia alivae kila siku, alime nalo, akamulie nalo ng'ombe, lichakae mpaka lisimfae mtu mwingine yeyote.

Pumzika, Baba. Nakuahidi koti hilo halitarudi Nairobi. Simiyu akinichukia, na anichukie akiwa hai.

Binti yako,
Nekesa