Majina Mawili kwa Penseli

41 Mtaa wa Tannery,
Ashgrove, Ohio.
24 Machi 2018

Mpendwa Shangazi Irena,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kodiak, na kwamba mikono yako imepata kupumzika kidogo kiwandani baada ya msimu wa kaa. Baba aliniambia una kikohozi tangu Februari. Umeshamwona daktari, au bado unajitibu kwa chai ya tangawizi na ukaidi? Hayo maneno ya mwisho ni ya Bibi, amesema niyaandike kama alivyoyasema.

Sisi hatujambo. Bibi vidole vinamuuma asubuhi, lakini vikipata joto anashona kama kawaida. Baba bado anaendesha basi la shule na bado analalamika kuhusu watoto wanaokaa viti vya nyuma. Theluji imebaki vipande vichafu kando ya barabara.

Kama ulivyosikia, nilimaliza shule Desemba, nusu mwaka kabla ya wenzangu, na tangu Januari niko na Bibi katika chumba cha kushonea. Kazi yenyewe umekulia ndani yake. Timu ya mpira wa Kimarekani inaleta jezi, tunashona majina mgongoni. Mchezaji akiachwa, tunalifumua jina lake. Bibi ananiachia kufumua kwa sababu macho yangu ni mazuri. Miezi hii isiyo na mechi, kufumua ndiko kazi kubwa.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unanijua. Kwenye simu nasema ndiyo na hapana, kisha namrudishia Baba. Jambo hili haliwezi kusemwa hivyo. Linamhusu Curtis. Usishtuke, hajaumia, na bado yuko kwenye timu. Lakini kuna kitu ambacho mpaka leo hakijui, nami nimeona wewe mama yake usikisikie kwa mtu mwingine.

Nianze na ile Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu, kwenye chakula cha samaki pale ukumbi wa parokia. Siku hizi watu hawazungumzi kitu kingine ila timu inahitaji nani na pesa zitatoka wapi. Mimi nilikuwa nagawa saladi ya kabichi.

"Tunahitaji watu wawili wa kumkinga mrusha mpira, mmoja kila upande," alikuwa akisema Mzee Pietras wa duka la vyuma, kipande cha samaki bado kiko kwenye uma. "Mwaka jana kaangushwa mara hamsini na moja. Mke wangu ana magoti mabovu na haanguki hivyo kwenye barafu."

"Utawanunua kwa nini, kwa kabichi?" mkwewe akamjibu. "Pesa zote mmempa huyo huyo anayeangushwa."

"Basi waachwe wengine."

"Uanze na nani?"

"Na yule anayeinama. Tunamlipa mtu zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka aitazame dunia kupitia katikati ya miguu yake."

Meza nzima ilicheka. Kisha nadhani mtu alimkanyaga mguu, kwa sababu aligeuka akaniona. "Samahani, binti. Curtis ni kijana mzuri. Mimi nasema hesabu tu."

Niliendelea kugawa. Ila hesabu yake ilikuwa ya kweli, Shangazi, na ndiyo iliyoniogopesha. Ligi imeweka kikomo cha mishahara, kimoja kwa timu zote, na hata tajiri mwenye timu akitaka kuongeza kutoka mfukoni mwake haruhusiwi. Ukimpa huyu, unamnyima yule. Kazi ya Curtis ni kuinama na kuurusha mpira nyuma, kupitia kati ya miguu, kwa yule anayeupiga teke, basi. Ameifanya miaka tisa na hajakosea tangu mwaka wa pili. Lakini kadiri miaka inavyoongezeka ndivyo mshahara wake unavyopanda, na kijana aliyetoka chuoni jana anaweza kuinama hivyo hivyo kwa dola laki nne na themanini elfu.

Jumanne iliyofuata, tarehe sita, Bibi alikwenda kwa daktari wa vidole. Bwana Pruitt, yule mtunza vifaa vya timu, alikuja na sanduku la jezi na bahasha.

"Hujambo, mdogo wangu. Bibi yuko wapi?"

"Amekwenda hospitali."

"Basi hii mpe mkononi. Usiiweke mezani, mpe mkononi."

Kila mwaka bahasha ya majina ya kufumuliwa huifungua Bibi peke yake. Hii haikuwa imebandikwa gundi, na mimi niliifungua. Sina sababu nzuri ya kukupa. Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye majina matano kwa kalamu, watu ambao magazeti yalikuwa yameshawataja kuwa wataachwa. Chini yake kulikuwa na majina mawili kwa penseli, yameunganishwa kwa mstari: Wojtkowiak, yaani Curtis wetu, na Tolliver. Pembeni pameandikwa, "Mmoja wao, tutajua Ijumaa."

Huyo Demetrius Tolliver unamkumbuka, ulikula naye Pasaka ile uliyokuja. Ndiye aliyerudia maandazi ya viazi mara nne, Bibi akampa mengine akamchukulie mke wake. Mpira ukishapigwa, yeye ndiye hukimbia uwanja mzima kwenda kumwangusha anayeudaka. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kabati lake limekuwa la pili kutoka kwa la Curtis miaka sita. Ana watoto mapacha, wana miaka mitatu sasa.

Nilirudisha karatasi kwenye bahasha nikampa Bibi mkononi kama nilivyoagizwa. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza kama kuna supu. Unajua alivyo. Miaka thelathini na moja hajawahi kumtajia mtu jina hata moja, hata Baba alipombembeleza.

Kesho yake nilikwenda kwa Curtis. Alikuwa kwenye gereji akirusha mpira kwenye godoro alilolitundika ukutani. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akaniona katikati ya miguu yake.

"Umekuja kunihesabia au kunicheka?"

"Kaka, jina lako liko kwenye karatasi."

Aliinuka taratibu. "Kwa kalamu?"

"Kwa penseli. Mpaka Ijumaa."

"Bibi anajua umekuja?"

"Hajui."

Alikaa juu ya ndoo ya rangi, akawa anauzungusha mpira mikononi. Ndipo akaniuliza, "Yuko nani mwingine kwa penseli?"

Nikasema sikuona mwingine.

Nilisema hivyo upesi, Shangazi, mimi ambaye kila neno hunichukua dakika nzima. Nilijua angeniuliza. Njia nzima nilikuwa nimeshaliandaa jibu. Nilijua kwamba akilisikia jina la Demetrius hataenda kujiokoa, au atampigia simu kwanza, na wote wawili wakienda kuomba sijui ingekuwaje.

Alhamisi asubuhi Curtis alikwenda ofisini kwao kabla hajaitwa. Alikubali apunguziwe mshahara kwa dola laki nne. Walishangaa, akasema, walikuwa hata hawajaandaa kiti. Wakamshukuru, wakampa karatasi mpya, akasaini. Ijumaa mchana Bwana Pruitt akapiga simu chumbani kwetu: Tolliver.

Jezi tatu, herufi ishirini na nne. Bibi alitaka kuzifumua mwenyewe, nami nikasema hapana, vidole vyako. Unakata uzi wa kwanza, unavuta, kitambaa kinabaki na matundu madogo kwa mstari, na ukiangalia kwenye mwanga bado unaweza kulisoma jina. Bibi huyapitishia mvuke mpaka yafunge. Siku ile mvuke niliupitisha mimi mara tatu.

Jumamosi Curtis alikuja na maua ya Bibi na keki ya kununua. Baba alimpiga mgongoni, wakacheka. Lakini tulipokaa kula alikuwa mnyonge.

"Wamemwita Demetrius dakika tano, wamemaliza," alisema. "Kaniambia hata koti hakuvua. Angejua mapema, hata siku moja tu, angekwenda kama mimi. Angekubali nusu, yule. Anaupenda mji huu kuliko mimi niliyezaliwa hapa."

Bibi alikuwa anamtazama Curtis, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikwenda kuleta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Curtis na Baba walipoondoka, Bibi aliniuliza mara moja tu, "Ulimwambia wewe?" Nikamwambia yote, na uongo wangu pia. Nilidhani atanifukuza kazi. Alikaa kitini na viatu vyake bado viko miguuni.

"Nimechoka, mtoto," akasema. "Miaka thelathini na moja najua majina kabla ya wenyewe. Unadhani halikuwepo jina ambalo nilitaka kukimbia kumwonya mwenyewe?"

Nilipiga magoti nikamvua viatu.

Jumanne iliyopita Demetrius alikuja kumuaga Bibi. Wachezaji wengi hawaji, wanapakia gari na kwenda. Yeye alikuja na sanduku la machungwa, akamkumbatia, akamwambia, "Bibi, sasa nani atanishonea jina bila kulipinda?" Bibi akamwambia jina lake halijawahi kupinda, ni mgongo wake uliopinda. Akacheka sana. Bibi alipokwenda kutia kahawa, tukabaki wawili.

"Na wewe mdogo," akasema, "huwa mnaona majina kabla yetu?"

"Ndiyo."

"Langu pia?"

"Ndiyo."

"Peke yake?"

Nilikuwa nimeshika mkasi, nikawa nauangalia. Alinisubiri, kwa upole kabisa, kama mtu anayemsubiri mtoto afunge kamba za viatu. Kisha nikaona ameelewa, kwa sababu alivuta pumzi na kuangalia dirishani, upande wa uwanja.

"Sawa," akasema. "Curtis ana bahati ya ndugu." Halafu akaongeza, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Ndivyo nilivyodhani. Angenipigia."

Bibi akarudi na kahawa. Demetrius alikunywa yote, akamsifu, akaondoka. Hakunikasirikia, na ningependelea anikasirikie. Mpaka leo hakuna timu iliyompigia. Zote zina kikomo kile kile, na zote zinatafuta vijana. Mke wake ameanza kuuliza bei ya kupakia vitu kurudi kwao Georgia.

Nimejiuliza kila siku kama ningefanya tena. Curtis ni kama kaka yangu, tumelelewa nyumba moja tangu ulipokwenda huko, na nisingeweza kulishika jina lake nikanyamaza. Ningekwenda gereji ile ile. Lakini ningemwambia majina yote mawili, halafu yeye ndiye angeamua yeye ni mtu wa namna gani. Nilimnyang'anya hilo, na nilidhani namsaidia.

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Baada ya misa atakuja kula, nami nitamwambia. Bibi amesema hatanisaidia hata neno moja, ila atakaa pale mezani. Barua hii ikikufikia, Curtis atakuwa ameshajua. Akikupigia akiwa na hasira nami, tafadhali usinitetee. Na akikupigia akiwa kimya, usimwache akate simu, muulize habari yoyote. Namba ya Demetrius anayo, sijui kama atakuwa ameitumia.

Baba anakusalimu na anauliza kama ulipata soksi za sufu. Bibi anakusalimu sana, anasema ukohoe ukiwa umefunga shingo. Nisalimie Bi Marjorie unayeishi naye, na yule paka wenu wa kiwandani. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akurudishe kwetu salama, na akipenda utukute bado tunakaa meza moja.

Mtoto wa kaka yako anayekupenda,
Halina