Siku ya Idd Niliyoandikwa Kazini

Jette, Bruxelles
6 Septemba 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limekupumzisha kidogo. Mimi sijambo, ila mafua ya huku hayaulizi msimu. Bahati, Mrundi mwenzangu wa huku, anasafiri Ijumaa kuja Bujumbura, nimempa barua mkononi, maana simu tumeshindwana nayo. Miaka arobaini ya kugonga mabodi ya magari imekula masikio yako, na mimi nikipiga kelele, jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio.

Nina habari njema. Mwezi ujao natimiza miaka mitano ya uuguzi katika nyumba ya wazee. Unakumbuka mkataba wa mkopo wangu wa shule: anayehudumia wazee miaka mitano mfululizo, deni lililobaki anasamehewa. Wanataka mikataba yangu yote ya kazi, cheti cha kila mwaka, na barua ya mkurugenzi kwamba sina onyo la maandishi. Vyote ninavyo isipokuwa hiyo barua, na nimeshaiomba.

Kwa hiyo lile sharti lako, kwamba mwenye deni haendi Makka, halitakuwa na la kunishika tena. Usifute jina langu pembeni ya lako kwenye orodha ya Hija. Miaka saba sijakuona, baba. Nimechoka kukuona kwenye picha za harusi za watu.

Mwanao,
Lina

*

Buyenzi, Bujumbura
28 Septemba 2025

Mwanangu Lina,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima, goti linauma likipenda. Bahati amefika na barua na chokoleti. Chokoleti kaimaliza Mansour kabla sijavaa miwani, na huyo kaka yako ana miaka thelathini na minne, usidhani ni mtoto.

Barua nimeisoma mara tatu, kisha nikatoka barazani kutafuta wa kumwambia. Avenyu ya nane yote sasa inajua kwamba mimi na binti yangu tunakwenda Hija mwezi wa tano. Mashine ya kuchomelea nimeuza, kompresa nimeuza, nafasi mbili nimelipia. Tangu mama yako afariki sijapanga safari na mtu yeyote.

Ukipata hiyo karatasi ya msamaha nitumie hata nakala, niishike.

Baba yako,
Hamadi

*

Jette
9 Novemba 2025

Baba,

Assalaam alaykum. Unaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haiko sawa.

Wamenikatalia. Kwenye faili langu kuna onyo la maandishi la siku ya Idd el-Fitr mwaka huu. Eti nilimwacha mzee mmoja peke yake bafuni, akaanguka, akavunjika mkono. Baba, siku hiyo sikuwa kazini! Nilikuwa kwenye sala, halafu kwa Bahati huko Forest tukila pilau.

Ngoja nikueleze. Kazini nina rafiki, Rolande, Mkristo wa Bukavu. Miaka minne tumekuwa tukibadilishana: Noeli nafanya zamu yake, Idd anafanya yangu. Ofisi inataka maombi wiki tatu kabla, na Idd utaiombaje wiki tatu kabla wakati mwezi haujaandama? Basi tunapeana beji, ile kadi ya kugusisha mlangoni. Wakubwa huwa hawaji vyumbani, na wazee hawajali nani anawaletea chai.

Onyo lilipotoka jioni ileile, kwa mkono wa msimamizi wa muda asiyetujua sura, Rolande alilipokea, akasaini jina langu, akanyamaza miezi saba. Nilipomuuliza alilia palepale kwenye chumba cha mashuka. "Yaya, dada yangu, niliogopa. Carte yangu inaisha mu janvier. Bila contrat batanirudisha, na batoto je?" Carte ni kibali chake cha kuishi huku, na bila mkataba wa kazi hakiongezwi.

Nina siku sitini za kukata rufaa. Nikisema ni yeye aliyekuwa zamu, onyo linaniondokea na deni linafutwa. Mimi watanikaripia yaishe, wauguzi ni wachache. Yeye atafukuzwa siku hiyohiyo. Nifanye nini, baba?

Mwanao,
Lina

*

Buyenzi
23 Novemba 2025

Lina,

Wa alaykum salaam. Sijambo.

Unaniuliza ufanye nini kama vile hukulelewa nyumbani kwangu. Sema ukweli. Mtu kaangusha mzee wa watu, kasaini jina lako, na wewe unamwonea huruma? Mimi gari likirudi na breki mbovu sikumwandikia kosa fundi mwingine. Machozi ya chumba cha mashuka hayakulipii deni.

Andika hiyo rufaa kabla siku hazijakwisha. Nimeulizwa msikitini kama binti ameshapata karatasi yake, nikajibu bado kidogo. Sitaki kulijibu swali hilo mara ya pili.

Deni likibaki, huendi. Hilo sitalibadilisha.

Baba yako,
Hamadi

*

Jette
14 Januari 2026

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Na Mansour? Huku theluji imeanguka na kugeuka matope siku ileile.

Siku sitini zimekwisha. Rufaa niliandika, kurasa mbili, kwa Kifaransa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Nilikwenda nayo hadi posta. Nikasimama kwenye foleni nyuma ya watu watatu, zamu yangu ikafika, nikanunua stempu, nikarudi nyumbani na bahasha mfukoni.

Usikasirike kabla hujanisikia. Rolande alikosea na alinidanganya, hilo nalijua, na limeniuma. Lakini beji nilimpa kwa mkono wangu. Laiti ningekuwepo, ningeita mtu wa pili, mzee yule angeogeshwa na watu wawili kama inavyotakiwa, na pengine asingeanguka. Nilikuwa nakula pilau. Kama nikiandika "ni yeye peke yake", baba, huo nao si ukweli. Na watoto wake, Junior na Chloé, hawajui nchi nyingine.

Carte amepewa. Nilidhani atakuja hata kunishika mkono. Badala yake ameomba kuhamia nyumba nyingine ya wazee, huko Forest, na kaondoka bila kuniaga. Nimemwandikia mara mbili. Nadhani kila akiniona anaona lile onyo.

Nafasi yangu mpe Mansour. Mimi nitaendelea kulipa kidogo kidogo, miaka minne na miezi miwili.

Mwanao,
Lina

*

Jette
20 Machi 2026

Baba,

Assalaam alaykum, na Idd mubarak. Hukunijibu. Mansour ameniandikia kwamba u mzima, namshukuru, lakini si yeye niliyemuuliza.

Leo nimesali ndani ya chumba cha mashuka, maana hakuna tena wa kubadilishana naye. Bibi mmoja wa chumba cha mwisho ameniuliza mbona nimevaa hereni za dhahabu kazini. Nimemwambia ni sikukuu. Akaniuliza, sikukuu ya nani? Nikamwambia yangu.

Nikirudi jioni nitapika pilau kidogo, maana Bahati bado yuko huko kwenu. Sijui kupika ya mtu mmoja, kila mara inabaki.

Lina

*

Buyenzi
2 Mei 2026

Mwanangu Lina, mwanangu mpenzi,

Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Goti zima, masikio mabovu, moyo una aibu. Barua hii naiandika mwenyewe, Mansour hajaiona.

Jana tulikuwa darasani, tunafundishwa mambo ya safari. Sheikh Iddi akafika kwenye madeni. Akasema mwenye deni la kulipa kwa awamu, na analipa bila kukosa, hazuiwi kwenda Hija. Nikadhani sijasikia vizuri. Nikanyoosha mkono, akarudia. Nikanyoosha tena. Watu wakacheka, wakidhani ni masikio yangu.

Lina, lile neno nililisikia kwa marehemu babu yako, naye sijui alilisikia wapi. Maisha yangu yote nimelisema kwa sauti kubwa na sikuwahi kumuuliza anayejua. Ulikuwa unaweza kwenda. Deni lako na rafiki yako na kila kitu kikiwa vilevile, ulikuwa unaweza kwenda. Leo asubuhi nimemkimbilia mwenye orodha. Imefungwa tangu Februari, na nafasi yako ina jina la Mansour.

Miezi mitatu nilikuwa nimekununia. Nisamehe. Tunaondoka tarehe kumi na nane.

Baba yako,
Hamadi

*

Jette
10 Mei 2026

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Barua imefika jana, namshukuru Mungu imewahi.

Nililia, sitakuficha. Nilikalia ngazi za jengo na koti langu la kazi mpaka jirani wa chini akapita, yule wa ufagio, akaniruka. Lakini sina kinyongo na wewe, wala sitaki uende Makka umeinamisha kichwa kwa ajili yangu. Nenda na Mansour, mshike mkono kwenye msongamano, na mwache akusemeshe upande wa sikio la kulia.

Ukifika Arafa usiniombee deni. Nitalilipa, miezi yake inahesabika. Niombee mtu, baba. Mtu mmoja tu humu mjini, wa kuniuliza nimeamkaje.

Mwanao,
Lina