Saa Moja na Dakika Kumi

Guangzhou, 14 Novemba 1998

Mdogo wangu Hafidh,

Salamu zako zimenifikia. Mie mzima, mvua imekatika, na vitambaa vya harusi ya binamu yetu Pandu nimeshavipata hapa mtaa wa Xiaobei.

Sasa nisikilize. Dada yetu Shifa alipolazwa Amsterdam, nilikupigia simu London nikakuomba uende. Ukaniambia, "Dada Bimkubwa, Amsterdam mbali." Nikakuamini, maana Ulaya siijui. Nikapanda ndege mwenyewe kupitia Hong Kong, saa kumi na tatu angani.

Nilimkuta bado anasema. Kila mlango ukifunguliwa aliuliza, "Hafidh huyo?" Siku tatu nilimjibu kwamba uko njiani. Umenifanya muongo mbele ya mtu anayekufa.

Jana nilikwenda kwa wakala wa tiketi, nikamuuliza kutoka London hadi Amsterdam ni mbali kiasi gani. Akatazama kitabu chake. "Kilomita mia tatu na sitini hivi. Kwa ndege ni saa moja na dakika kumi." Akaniuliza kama nataka kiti.

Pasi ya Kiingereza unayo. Kazini ulipewa ruhusa, mkeo kaniambia. Ulikaa nyumbani tu.

Tena umemwambia mama kwamba mazishi yalikwenda vizuri. Umejuaje, nawe hukuwapo? Aliyeshuka kaburini kumpokea Shifa ni muuza mikate wa Kituruki, asiyelijua hata jina lake. Aliniuliza, "Hana ndugu wa kiume?"

Nikamwambia hana.

Bimkubwa binti Haidar