Sukari ya Arobaini ya Mama

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia hapa Magomeni, na goti la bibi yako limetulia. Unauliza: ikiwa kesi ya wizi umesingiziwa, wakili wa nini?

Enzi za Ujamaa, sukari ikiwa adimu, polisi walikuta chumba changu cha Kariakoo kimejaa vifurushi vyake, nikashitakiwa kwa ulanguzi. Majirani ndio walioileta kwa kisomo cha arobaini ya marehemu mama. Nikiwa mhitimu mpya wa chuo kikuu, niliamua kujitetea kwa Kiswahili fasaha.

Hakimu akauliza, "Sukari ya nani?"

"Yangu, Mheshimiwa," nikajibu, maana kwetu mfiwa hawatangazi waliomfariji.

Kesi ilipoahirishwa, shangazi alinifokea mlangoni: "Wewe mtoto umesomea kujifunga?"

Akaniletea wakili. Huyo aliniuliza kwanza, "Nani alifariki?" Kisha akawaita majirani watoe ushahidi, nikaachiwa.

Hadi leo sielewi kwa nini ukweli wangu ulihitaji kinywa cha mwingine. Shangazi hayupo tena wa kukufokea, Salma, hivyo nimekutafutia wakili mimi. Usijibu lolote kabla hajafika.

Akupendaye na kukuombea,
Babu yako