Sakafu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Tulia, Kitui
Jumatatu jioni

Kwa dada yangu mpendwa Mutindi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Musembi, na kwamba kile kikohozi chake cha asubuhi kimeisha, na baridi ya huko Tawa haijakichokoza tena. Sisi huku tuko, Mungu anatusaidia. Mvua ilinyesha mara mbili ikakata. Ndengu zimeota, lakini kunde za upande wa mto zimekataa. Yule mbuzi wako wa sikio moja amezaa mapacha, wote majike, na Mama amekataza mtu yeyote kuwapa majina mpaka mwenyewe upatikane.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi siku hizi. Nilikupigia simu mpaka nikaelewa kwamba shida si mtandao, shida ni mimi. Nikaazima simu ya Shangazi Kalekye, uliposikia sauti yangu ukakata. Sasa nimempa Shangazi mwenyewe akuletee mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka akuone ukiifungua. Unamjua alivyo. Pengine ameketi hapo mbele yako akijifanya anaangalia kuku.

Habari za Mama ni kwamba plasta ilitolewa Alhamisi iliyopita. Daktari alisema mfupa umeunga sawa, ila vidole bado vimekaza. Amejaribu kurudia kusuka kile kiondo alichokianza, lakini uzi unamponyoka, anasema mkono umekuwa kama wa kuazima. Anakula vizuri, sahani yake ya muthokoi hamwachii mtu. Lakini ile nyumba kubwa hajaingia tangu siku aliyoanguka. Analala kule jikoni kwa zamani. Nilimwambia moshi utamwua, akanijibu kwamba moshi amekaa nao tangu aolewe na haujawahi kumwangusha.

Kazi yangu inaendelea. Unajua nilivyoanza, na brashi na ndoo katika hoteli ya Mombasa Road, nikisugua vyoo wakati wenzangu wako kidato cha tatu. Leo nina mashine na vijana wawili, na watu wananiita kutoka Kitui mjini mpaka Kibwezi. Ni huko Kibwezi jambo hili lilipoanza kunifungua macho, kwa hivyo vumilia nikueleze.

Kuna mama mmoja anaitwa Kaltun, ana hoteli karibu na stendi. Sakafu yake ilikuwa imekula supu na mafuta miaka sita, mpaka ile grauti, yaani mistari ya saruji katikati ya vigae, ikawa nyeusi kabisa. Alikuwa anaamini fundi wake aliiweka nyeusi. Niliposugua kipande kidogo kikatoka cheupe, aliwaita wapishi wote waje waone. Nilimaliza kazi, ikang'aa, akanisifu kwa kila mteja. Siku chache baadaye akanipigia, akaniambia nije bila mashine, nije na miguu yangu tu.

Nilipofika hakunigombeza. Alimwaga kikombe cha maji sakafuni, akanivua viatu, akanipa slipa za jikoni na birika la chai, akasema, Ndugu Muthama, hebu mpelekee chai yule mzee wa meza ya mwisho. Sikufika meza ya pili. Nilianguka chali, birika tumboni, na hoteli nzima ikacheka. Kaltun alinisimamia pale juu akaniuliza kama nilimsafishia sakafu au nilimpaka mafuta, kwa sababu msichana wake Hibaq alikuwa ameanguka vivyo hivyo na sufuria ya wali, na Mungu tu ndiye aliyeuzuia usimchome.

Mutindi, nilikaa pale chini muda mrefu kuliko maumivu yalivyohitaji. Nilikuwa naufikiria mlango wa Mama.

Wacha nikueleze kazi hii, uelewe sawasawa. Ukishaondoa uchafu, unapaka dawa ya kuziba grauti ili mafuta yasiingie tena. Dawa hiyo ni ya mistari peke yake. Ikigusa kigae, unaifuta kabla haijakauka, la sivyo inabaki juu kama ngozi nyembamba. Ikiwa kavu, ngozi hiyo inang'aa na hutaona ubaya wowote. Ikipata maji, mguu haushiki kitu. Nilifundishwa hivyo na nilikuwa nafanya hivyo. Halafu nikapiga hesabu zangu. Sebule ya mita za mraba arobaini, kupaka ni saa moja, kufuta ni saa mbili na nusu. Nikaona wateja wanapenda ule mng'aro. Nikaacha kufuta. Nikawa namaliza nyumba mbili kwa siku badala ya moja, na nikajiona mwerevu.

Nyumba ya Mama niliipaka Ijumaa ile, kabla akina mama wa kanisa hawajaja kuiombea. Unakumbuka walivyoshangaa, wakivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Sakafu ilikuwa kavu, hakuna aliyeteleza. Mama aliniambia jioni kwamba mguu wake hauiamini sakafu ile. Nilicheka. Nikamwambia hiyo ni sakafu safi, atazoea. Jumanne akatoka kwenye mfereji na miguu imelowa, akaingia, akaanguka pale mlangoni.

Wewe ulikuwa umeenda kumchukua Musembi shuleni. Nilipofika, mimi ninayejisifu kwamba nikitazama sakafu najua mwenye nyumba anapita wapi na anamwaga nini, sikuinama hata kuigusa. Niliona ndoo yako na kitambaa vimeanikwa nje, nikahukumu kwamba umeacha sabuni sakafuni. Ulisema ulipiga deki asubuhi kwa maji matupu, na kufikia saa sita sakafu ilikuwa imekauka. Mama, na mkono wake umening'inia, alisema si wewe. Nikamwambia anatetea kipenzi chake kama kawaida. Na mbele ya Mjomba Kitonga, na Mzee Mwau wa jirani, na mtoto wako amekushika rinda, nikakuuliza kama kazi ya kula kwa ndugu yako imekuchosha hata kitambaa cha deki kimekuwa kizito. Kwamba ulishindwa na nyumba ya mume na sasa umeshindwa na hii.

Sijui kwa nini nayaandika tena wakati wewe unayajua kwa moyo. Labda ni ili uone kwamba na mimi nayakumbuka yote, sijapunguza hata neno.

Sasa nifikie lililonifanya nikae na kalamu. Siku niliyoanguka kwa Kaltun ulikuwa na wiki mbili tu tangu uondoke. Nilirudi Tulia jioni hiyo hiyo, nikamwaga maji mlangoni pa Mama, nikakanyaga, nikajua. Nikapanguza yale maji. Halafu nikanyamaza wiki nne. Nilijiambia kwamba kanisa limenipa sakafu yao nisafishe, na habari hii ikitoka hakuna atakayeniita tena. Hilo ni kweli, lakini ni nusu. Ile nusu nyingine ni hii. Karo ilipokuwa ya kumtosha mtoto mmoja tu, Mama alikuchagua wewe, na mimi nikaenda kusugua vyoo. Sikusema kitu, lakini nililibeba. Hizo wiki nne nilikuwa namletea Mama dawa, nampeleka hospitali, watu wananisifu, na wewe hupo. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye nilikuwa mtoto mzuri. Nilikuacha ubaki mkosaji huko Tawa kwa sababu nafasi yako ilinipendeza. Hiyo ndiyo aibu yangu, Mutindi. Kuteleza ni kosa la kazi. Hili nililifanya macho wazi.

Alhamisi, tukitoka kutolewa plasta, nilimwambia Mama yote. Akaniuliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema, sasa mimi unaniambia ya nini?

Ijumaa niliwaita wale wale waliosikia, pale pale uani. Niliwaambia Mutindi hakuacha sabuni, dawa ni yangu na uvivu ni wangu, na kwamba nilijua nikaficha. Mjomba Kitonga alitikisa kichwa tu. Mzee Mwau akasema alidhani nalipwa kuondoa uchafu, kumbe huwa nauhamisha kutoka sakafuni naupaka watu. Hakuna aliyecheka. Kanisani pia nimesema, na kazi yao wamempa mtu mwingine kwa sasa. Kwa Kaltun nimesharudia yote, na nyumba nyingine nilizozifanya vile nazirudia moja moja.

Jumamosi na jana baada ya ibada niliipigia magoti sakafu ya Mama. Mashine niliiacha kwenye gari, nikatumia brashi ya mkono, kigae kwa kigae, mpaka ngozi yote ikatoka. Haing'ai tena. Dawa ya kuziba sijarudisha, grauti itachafuka na mgeni akiingia atasema fundi hajui kazi. Wacha aseme. Nilimwaga ndoo nzima ya maji nikavaa slipa za Mama, zikanibana, nikatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi. Inashika.

Mama alikuja akasimama kizingitini. Alimwaga maji yake mwenyewe kwa kikombe, akayaangalia. Nilimpa mkono nimwingize. Hakuushika. Alisema nyumba hii ilimfukuza mtu, na yeye hatatangulia kuingia kabla ya huyo mtu. Kisha akarudi jikoni kwake, kwenye moshi.

Kwa hivyo mlango nimeuacha wazi, sakafu ikauke. Sikuombi urudi kwa ajili yangu, na sikuombi unifungulie simu. Mpigie Mama tu, yeye ndiye ana haki ya kukusikia. Kama utakuja, mimi nitakuwa Kibwezi, ukitaka nisiwepo.

Mama anakusalimu, na anamsalimu Musembi mara nyingi kuliko wewe. Shangazi mpe chai kabla hajarudi, na umpe majina ya wale mbuzi atuletee. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi kaka yako, mwenye makosa,

Muthama