Jina Langu Kwenye Kishikwambi cha Bhoke

Jumatatu, 3 Machi
Nimemfunga Bhoke mkono kwa kanga, nimempa uji, nimemfutia kioo cha kishikwambi. Kama kila siku. Tangu bodaboda imwangushe, mkono wa kulia haukunjiki. Anafanya kazi kwa wa kushoto. Kibodi inatokea pale pale kwenye kioo, na anachoandika hapa Matongo kinaingia kwenye kompyuta ya ofisi yao Musoma. Kijiji hiki nani mwingine ana binti wa hivyo? Hakuna. Bosi kampa hadi mwisho wa mwezi aonyeshe kama mkono mmoja unatosha. Unatosha. Binti yangu huyo.

Jumatano, 5 Machi
Kanifundisha. Kuna kitufe cha kontroli. Wenzake wa ofisini wanakishikilia kwa kidole kimoja, herufi kwa kingine. Bhoke anakigusa tu, kinawaka, kinabaki kinasubiri herufi. Kontroli na C, inanakili. Kontroli na V, inabandika. Nimezishika zote mbili. Mimi wa darasa la saba.
Orodha ya wakulima anayoiandikia ofisi imebaki kidogo aimalize. Wiki tano za kazi, mkono mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Bhoke kaenda hospitali kuangaliwa mkono. Bodaboda ilikuwa inapiga honi, kaacha kishikwambi wazi.
Jumuiya ilisali kwangu leo. Baada ya sala Mama Marwa akasema, kazi gani hiyo ya kitandani, wenzake wako shambani. Wakacheka. Iliniuma. Nikaleta kishikwambi. Nikawaambia hata mimi mama yake naweza. Nikaandika jina langu, Anastazia, kwa kidole kimoja. Kugusa A, ukurasa wote ukawa wa bluu. Kugusa N, ukawa mweupe. Nikaendelea mpaka mwisho. Wakapiga makofi.
Walipoondoka nikatafuta majina ya wakulima. Hayapo. Nimekumbuka sasa, kontroli ilikuwa inawaka.
Nikakifunika na kanga. Bhoke karudi jioni na maumivu, kalala bila kukigusa. Sikusema. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Kafungua asubuhi. Kaniambia orodha imefutika, itakuwa ni huu mkono wa kushoto. Kasema kontroli na Z inarudisha kilichofutwa, ila kabla ukurasa haujafungwa. Mtandao ulikatika usiku, ukurasa ukajifunga. Jana jioni ingewezekana.
Jana jioni nilikuwa namkanda bega.
Nikamwambia pole.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi kapiga simu. Bhoke kasema kosa ni lake, mkono uliteleza. Kasema mara mbili. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia yote. Bosi kasema nafasi inapewa mwingine, kishikwambi kirudishwe. Bhoke kamshukuru.
Mimi ni mwoga. Sikujua.
Mama Marwa kapita, kauliza mtoto anaendeleaje na kompyuta zake. Nikamjibu anasifiwa sana ofisini.

Jumanne, 11 Machi
Sikulala vizuri. Sikula.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia. Tulikuwa tunachambua maharage. Nilidhani atalia au atanifokea. Hata hakuinua kichwa. Akasema, "Nilijua, mama. Ukurasa haukuwa mtupu. Umeandikwa nastazia, bila A. Kontroli na A inashika ukurasa wote, N ikaufuta."
Nikamuuliza mbona alijibebesha kosa langu kwa bosi. Akasema kuandika jina lako hukujua kama ni kosa, hilo nililibeba. Kunyamaza ulijua.
Tukamaliza maharage.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa nimewaambia wanajumuiya ukweli. Mama Marwa hakucheka. Afadhali angecheka.
Kishikwambi kinaondoka kesho na basi la asubuhi. Kabla ya kukifunga kwenye boksi Bhoke kaniita nikae karibu naye. Kafungua ukurasa mtupu. Kaangalia kontroli, haijawaka. Kaniambia niandike. Nimeandika jina langu lote, na A yake. Tukaliangalia. Halafu akalifuta.
Nikafuta kioo.