Siku Chiriku Alipolitazama Jua

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Kabla ya yote, hali yako? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unainamia cherehani kutwa nzima? Huku tunakula na kulala. Baba kikohozi kimempungua, na Mama ananisimamia hapa begani, anataka salamu zake zitangulie.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningeshindwa. Unanijua, hata dukani mpaka nirudie ndipo nisikike. Tangu Jumanne mwili wangu haujatulia, na habari yenyewe inamhusu mwanao Chiriku. Ni mzima na anacheza, usishtuke kwanza. Lakini jicho lake la kulia limeungua na jua, nami nilikuwepo.

Unakumbuka nilikwambia ninajitolea pale shule ya msingi huku nikisubiri matokeo yangu. Jumanne ndiyo siku jua lilipopatwa. Miwani maalumu ya kulitazamia haikufika, basi Mwalimu Mkuu akanikabidhi darasa la pili, darasa la Chiriku, niwatengenezee vikadi. Kila mtoto alipata viwili, vya maboksi ya biskuti: kimoja kimetobolewa kwa sindano, kingine cheupe. Unalipa jua mgongo, mwanga unapita juu ya bega lako na kwenye kile kitundu, na sura ya jua inaanguka kwenye kikadi cheupe, ndogo kama punje ya dengu. Hakuna anayelitazama jua lenyewe.

Mazoezi tulifanyia darasani, watoto wameketi wananitazama kama siku zote. Hapo ndipo palipoharibika, nami sikujua. Mtoto wa darasa la pili huelekeza uso kwa kile anachofundishwa, na siku hiyo kilikuwa jua. Tulipotoka uwanjani na jua likaanza kumegwa, nilitupa macho kwenye mstari. Wote walikuwa wamelielekea jua, jicho moja wamelifumba, la pili wamelibandika kwenye kitundu.

Dada, nilifungua mdomo kisitoke kitu. Nilimvuta mmoja shati akageuka, nilipomshika wa pili yule wa kwanza akarudi palepale. "Ticha, mbona linachoma?" mmoja akaniuliza, uso juu. Ndipo nikasikia mtu anafoka, "Mguu sawa! Nyuma, geuka!" kama kiranja wa mstarini asubuhi. Alikuwa ni mimi. Darasa zima likapiga visigino na kugeuka kwa pamoja, jua likabaki migongoni mwao.

Isipokuwa mmoja. Wenzake walisikia amri, Chiriku alimsikia mama yake mdogo. "Kumbe na wewe unajua kufoka," akasema akicheka, kitundu bado kiko jichoni. Nilimkimbilia nikamziba uso kwa kiganja. Nilidhani nimewahi.

Jioni akila, alianza kuisogeza sahani huku na huku. Mama akamwuliza anatafuta nini.

"Kuna doa jeusi," akasema. "Kila nikiangalia, nalo linakuja."

Kesho yake Baba alitupeleka kliniki ya macho. Daktari alimmulika jicho muda mrefu. Kisha akatueleza kwamba katikati ya jicho pameungua kidogo, na hakuna dawa ya kuharakisha, ni kusubiri. Wengi hupona baada ya wiki au miezi, wengine hubaki na alama. Nilimwuliza huyu wetu yuko kundi gani. Akaniambia, "Binti, hata mimi ningependa kujua."

Chiriku mwenyewe hana wasiwasi. Siku ile ya kliniki doa liliuficha uso wangu wote. Jana akasema sasa linafunika pua tu, na kwamba hajakosa kitu cha maana. Nilicheka, halafu nikaenda uani kulia.

Wenzake wote wamepimwa, wako salama. Mwalimu Mkuu anataka nirudi kesho, lakini sijui nitasimamaje mbele ya watoto wale. Uliniachia mwanao, Dada. Ukinigombeza nitanyamaza, na ukitaka kuja kumchukua nitamfungia nguo zake mimi mwenyewe. Ninaloomba ni moja: ukipiga simu, usilie akusikie. Anaamini kwamba litaisha, nami nataka aendelee kuamini.

Msalimu Shemeji, umsomee haya taratibu. Bibi anakusalimu na amekuombea tangu alfajiri. Mungu akutie nguvu ya kuyapokea haya, akulindie na macho yako mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukikasirika.

Chiriku ameing'ang'ania kalamu. Hapa chini ni yeye:

Mama mimi sijambo. Jicho zima nimelifumba haya naandika na lile bovu. Mstari unakatika katikati lakini nauona. Mwambie mama mdogo aache kulia karatasi inalowa.